Kiwanda cha kanga hukuzwa na nini? Naanzia na Urafiki

BintiDoti (Dodoma):

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari zenu.

Wiki iliyopita nilifungua sanduku la marehemu mama nikatoa doti ya kanga ambayo, kwa kauli yake mwenyewe, aliinunua mwaka niliozaliwa, yaani 1974. Rangi yake imefifia, lakini mistari ya pindo inakutana kwenye pembe zote nne bila kupishana, herufi za jina zinasomeka moja moja, na pembezoni, kwa maandishi madogo, limechapwa jina la kiwanda, Urafiki. Niliitandaza mezani kando ya doti niliyonunua mwezi jana kwa ajili ya kuuza dukani kwangu. Hii mpya haitaji kiwanda chochote. Katika jina lake neno “subira” limeandikwa “subria”, na baada ya kuifua mara mbili nyekundu ya pindo imeingia kwenye mji hadi eneo lote la katikati limekuwa na wekundu hafifu.

Nimekuwa nikiuza kanga na vitenge kwa miaka kumi na minane, na wateja wangu huniuliza mara kwa mara kama ninazo “zile za zamani za Urafiki”. Nataka kuelewa mambo mawili. Kwanza, kiwanda kile kilikuaje hata kikaweza kutoa kitambaa cha namna ile, ilhali nchi ilikuwa na miaka michache tu tangu ipate uhuru? Pili, kiwanda cha kuchapa kanga na vitenge katika Afrika kinahitaji nini hasa ili kikue na kubaki kikubwa? Naomba anayejua historia, na zaidi yule aliyewahi kusimama kwenye mashine, anieleze kwa kirefu.

---

Msomaji wa Historia (Dar es Salaam):

Dada BintiDoti, nakushukuru kwa swali hili, kwa sababu watu wengi siku hizi wanalijua neno Urafiki kama kituo cha mabasi ya mwendokasi katika Barabara ya Morogoro na hawajui kwamba eneo hilo lilipata jina lake kutokana na kiwanda.

Mwalimu Nyerere alikwenda China mara ya kwanza kama Rais mwezi Februari 1965, na ushirikiano uliofuata ulileta mkopo usio na riba uliojenga Kiwanda cha Nguo cha Urafiki pale Ubungo. Kilifunguliwa mwaka 1968, miaka michache kabla ya ujenzi wa reli ya TAZARA kuanza. Umuhimu wake hauonekani vizuri mpaka ukumbuke hali iliyokuwapo. Tulilima pamba nyingi Usukumani na kuisafirisha nje ikiwa marobota, kisha tukanunua kanga kutoka ng'ambo. Kanga zilizovaliwa na bibi zetu zilichapwa India, Ulaya na baadaye Japani, na jina la merikani, kitambaa cheupe cha pamba kilicholetwa pwani yetu na meli za Marekani tangu karne ya 19, linaonyesha jinsi tulivyozoea kuvaa vya wengine.

Urafiki ulijengwa kama kiwanda cha hatua zote. Robota la pamba liliingia upande mmoja, likasokotwa kuwa uzi, uzi ukafumwa kuwa kitambaa, kitambaa kikapaushwa, kikatiwa rangi na kuchapwa, na doti iliyokunjwa ikatoka upande wa pili, yote ndani ya ua mmoja. Kwa maoni yangu hiki ndicho kilichokikuza. Mkuu wa idara ya kuchapa hakusubiri meli ilete kitambaa cheupe, na kama kitambaa kilikuwa na kasoro alitembea mwenyewe hadi kwa wafumaji na kuwaonyesha kwa kidole. Maelfu ya watu walijifunza kazi ya nguo hapo, na baadhi yao wakaenda kuanzisha kazi kwenye viwanda vilivyofuata, kwani baada ya Azimio la Arusha serikali ilijenga au kupanua viwanda vingine vya nguo Mwanza, Musoma, Arusha, Morogoro na kwingineko, vingi vikiwa chini ya TEXCO, shirika la umma la viwanda vya nguo.

Niongeze jambo ambalo vijana hulisikia kwa mshangao. Kiwanda kilikuwa na bendi yake ya muziki wa dansi, Urafiki Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuongozwa na Juma Mrisho, maarufu kama Ngulimba wa Ngulimba. Bendi ile ilikuwa sehemu ya biashara: watu walicheza dansi usiku na kusikia habari za kanga na vitenge vya Urafiki. Uongozi wa kiwanda ulitambua mapema kwamba nguo haiuzwi na ubora peke yake, na ninaona hiyo ni dalili ya kiwanda kilichokuwa kinakua kwa akili.

Mambo yaligeuka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimaliza fedha za kigeni, na kiwanda cha hatua zote, ambacho kinategemea vipuri, rangi na kemikali kutoka nje katika kila hatua, kikawa na njaa katika kila hatua. Pamba ilikuwepo nyumbani, lakini pamba haichapwi bila rangi. Wenye umri wangu wanakumbuka foleni za maduka ya kaya mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale ambapo doti moja ya kanga ilikuwa jambo la kupangiwa zamu. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, nguo za nje zikajaa pamoja na mitumba, na viwanda vilivyokuwa vimechoka vikakutana na ushindani bila kupumzika. Katikati ya miaka ya 1990 Urafiki uligeuzwa kuwa kampuni ya ubia, upande wa China ukiwa na asilimia 51 na serikali yetu asilimia 49, lakini haukurudi kuwa na ukubwa ule wa kwanza.

---

MezaYaKuchapia (Morogoro):

Nilifanya kazi ya kuchapa nguo kwa miaka ishirini na miwili katika viwanda viwili ambavyo sitavitaja, kwa hiyo nitajibu upande wa mashine, kisha nitaeleza kwa nini sikubaliani kikamilifu na ndugu yangu aliyetangulia.

Kitenge na kanga ni kazi mbili tofauti, ingawa watu huziweka kwenye kapu moja. Mchoro wa kitenge hujirudia: ukishauchonga mara moja, mashine inazunguka na jora linaendelea kutoka. Kanga ni picha moja kamili, yenye urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 110 hivi, yenye pindo kuzunguka pande zote nne, mji katikati na jina chini ya mji. Pindo lazima lifunge pembe zote. Kila rangi ina skrini yake, na skrini hiyo lazima iibebe kanga nzima. Kanga ya rangi tatu ina skrini tatu, na zikipishana kwa unene wa ukucha tu, mstari mweusi wa pindo utaacha ufa mweupe upande mmoja na kupanda juu ya nyekundu upande mwingine. Unaposema mistari ya kanga ya mama yako inakutana kwenye pembe, unamsifu fundi aliyesimama pale akiangalia kila kanga inayopita, na kusimamisha mashine kabla kasoro haijafika ya kumi.

Kuhusu nyekundu iliyoingia kwenye mji, sababu yake kwa kawaida ni hatua zinazofuata baada ya kuchapa. Rangi ikishawekwa, kitambaa hupitishwa kwenye mvuke ili rangi ishikamane na pamba, kisha hufuliwa kwa maji mengi, ya moto na ya baridi, kwa sabuni, mpaka maji yatoke bila rangi. Ile rangi ambayo haikushika lazima iondoke kiwandani. Kiwanda kinachotaka kubana matumizi hupunguza mvuke na maji, kwa sababu mvuke ni mafuta ya boila na maji ni bili, kisha hupaka wanga mzito ili kanga ionekane ngumu na mpya dukani. Ukiifua nyumbani, wanga unaondoka pamoja na ile rangi ambayo ilipaswa kuondoka kiwandani. Wewe ndiye unayemaliza kazi ya kiwanda kwenye beseni lako.

Sasa naeleza ninapotofautiana na Msomaji wa Historia. Kuwa na hatua zote katika ua mmoja kulisaidia mwanzoni, lakini sikubali kwamba ndiko kunakokuza kiwanda cha kuchapa. Nimeviona viwanda vyenye mashine za kusokota na kufuma ambavyo havikukua, na nimeona karakana iliyonunua kitambaa cheupe kutoka nje ikastawi. Tofauti ilikuwa katika chumba cha michoro. Katika kiwanda changu cha kwanza kilikuwepo chumba chenye madirisha makubwa ambamo wachoraji sita walikaa na karatasi zenye ukubwa wa kanga halisi, wakichora kwa mkono, na kila mwezi walipelekwa sokoni kwa siku mbili kuketi na wauzaji na kusikiliza wanawake wakichagua. Walirudi na mambo madogo madogo: kwamba pindo jembamba halipendwi na wanawake warefu, kwamba jina lenye kijembe linaisha haraka mtaani lakini halinunuliwi kwa zawadi ya arusi. Bajeti ilipobanwa, chumba hicho ndicho kilichofungwa kwanza kwa sababu hakikuwa na mashine ya kuonyesha wageni. Baada ya miaka miwili tulikuwa tunanakili michoro ya wengine, tena kwa kuchelewa.

---

Mwana wa Mtaa wa Biashara (Mombasa):

Dadangu BintiDoti, nimesoma kwa makini. Huku kwetu kanga twaiita leso, neno lililotoka kwa Wareno, na historia yake ya biashara yaunga mkono aliyosema fundi wa Morogoro.

Ukienda Mtaa wa Biashara utaikuta nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza kazi mwaka 1887. Leso zake zajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla inayochapwa ukingoni, na mamangu asingeinunua leso ya kupeleka arusini bila kuitafuta alama hiyo kwanza, akiikunjua dukani na kupitisha kidole pembezoni mpaka aione. Nyumba hiyo haikukua kwa kumiliki mashine. Kwa miongo mingi leso zake zilichapwa nchi za mbali, mahali palipofaa kwa wakati ule, ilhali michoro na majina yalitoka Mombasa, kwa watu wanaojua ni neno gani linalosemwa barazani mwezi huu na ni neno gani mwanamke anaweza kumpelekea jirani yake bila kufungua kinywa. Kilichokuwa chao ni mchoro, jina na imani ya mnunuzi, na hivyo vitatu vimedumu kupita viwanda vingi vilivyowahi kuwachapia.

Kwa hiyo lile kosa la “subria” nalichukulia kwa uzito mkubwa. Katika leso jina ni nusu ya bidhaa. Kiwanda kinachochapa jina bila mtu anayelielewa kukaa karibu na skrini hakijui kinauza nini, hata kama mashine zake ni mpya kabisa.

Nchini Kenya tuna mfano wa kiwanda kilichofufuliwa, nacho ni Rivatex cha Eldoret, kilichoanzishwa mwaka 1976, kikaanguka, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuwekewa mashine mpya zilizozinduliwa mwaka 2019. Mimi nakiombea heri. Ningependa tu kuona wachoraji na wauza leso wakiitwa mezani mapema kama walivyoitwa wahandisi.

---

Kikwembe (Kisangani):

Nawasalimu wote. Kwetu Kongo kitenge ni kikwembe, na Kisangani tuna kiwanda cha Sotexki. Nitasema jambo moja tu ambalo halijatajwa, nalo ni barabara. Kiwanda chaweza kuwa na umeme wa bwawa la Tshopo, mafundi wazuri na michoro inayopendwa, lakini mto ulipofungwa kwa vita kuanzia mwaka 1998, na Kinshasa ikawa upande mwingine wa mstari wa mbele, kitambaa kilibaki bila mnunuzi na rangi ilibaki bila njia ya kufika. Mahali ambapo gari haliwezi kupita, kiwanda hakikui hata kama kina kila kitu kingine.

---

Mwanafunzi Tema (Ghana):

Mimi ni Mtanzania ninayesoma hapa Ghana, na kwa kuwa Tema ni mji wa viwanda vya nguo, nimepata nafasi ya kulinganisha.

Viwanda vikubwa vya huku vilizaliwa wakati uleule uliozaliwa Urafiki. GTP (Ghana Textile Printing) ilianza Tema mwaka 1966 na ATL (Akosombo Textiles) ilianza mwaka 1967 karibu na bwawa la Akosombo, lililokuwa limezinduliwa mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo umri si sababu ya tofauti, na matatizo ya fedha za kigeni, umeme na nguo za magendo yaliwapata wao pia, tena vibaya sana. Viwanda vingi vya nguo vya Ghana na Nigeria vimekufa. Kile kikubwa cha Kaduna, UNTL, kilifunga milango mwaka 2007 kabla ya kujaribu tena. Hata waliobaki, baadhi yao wanaungwa mkono na mitaji ya nje: GTP, pamoja na Uniwax ya Abidjan, ni sehemu ya kundi la Vlisco, kampuni ya Helmond nchini Uholanzi iliyoanza mwaka 1846, na ATL ni ya kundi la Cha la Hong Kong. Msomaji asidhani kwamba ukuaji wao ni wa ndani mtupu.

Pamoja na hayo, kuna jambo hapa ambalo linanishangaza kila ninapokwenda sokoni. Kitambaa cha wax, yaani kitenge kinachochapwa kwa nta, hakitoki kiwandani na jina kama kanga yetu. Kinatoka na namba. Jina kinapewa na wanawake wa soko, na mpaka kipate jina hakijawa kitu. Kuna kimoja chenye mbayuwayu wanaoruka ambacho Waghana wanakiita kwa maneno yenye maana kwamba fedha ina mabawa, na kimeendelea kuchapwa kwa miongo kadhaa kwa sababu ya jina hilo. Jirani kule Lomé, nchini Togo, wanawake waliojulikana kama Nana Benz, kutokana na magari ya Mercedes waliyoyanunua kwa faida yao, walipewa haki ya kuuza michoro fulani peke yao, na wao wakawa masikio ya viwanda: waliagiza rangi ibadilishwe, wakakataa mchoro, wakasema huu utauzika Kinshasa na ule Cotonou. Faranga ya CFA iliposhushwa thamani kwa nusu mwezi Januari 1994, kitambaa cha Uholanzi kikawa ghali mno kwa wateja wao, na mlango ukafunguka kwa nakala za bei rahisi kutoka Asia. Hapo viwanda vya Afrika Magharibi vilijifunza kwamba kuwa na michoro mizuri bila namna ya kuilinda ni hasara tupu. Mchoro unaotoka Tema mwezi huu unaweza kuonekana sokoni Makola ukiwa nakala baada ya wiki chache, wakati mwingine na jina la kiwanda likiwa limenakiliwa pia. Ndiyo maana sasa jora la GTP lina lebo yenye namba ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki.

Serikali nayo ilisaidia upande wa mahitaji. Mwaka 2004 Ghana ilianzisha desturi ya kuvaa nguo za kitambaa cha nyumbani ofisini kila Ijumaa, na ingawa inaonekana ni jambo dogo, ofisi iliyozoea suti ilianza kuagiza yadi kwa mamia. Kwetu Afrika Mashariki tulichagua njia ya ushuru: ulipoanza ushuru wa pamoja wa Jumuiya mwaka 2005, kanga, vikoi na vitenge viliwekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti zinazotozwa asilimia 50. Ushuru humzuia mgeni mpakani iwapo mpaka unalindwa, lakini haumfundishi mwenyeji kuchora, na haumpi mteja sababu ya kulitafuta jina la kiwanda chake ukingoni mwa kitambaa.

---

Msomaji wa Historia (Dar es Salaam):

Fundi wa Morogoro amenisahihisha vizuri, nami nakubali. Nilitazama ua wa kiwanda kwa sababu ndio unaoonekana kwenye picha za zamani. Bado nasisitiza kwamba nchi inayouza nje zaidi ya theluthi mbili ya pamba yake ikiwa haijasokotwa inapoteza kazi za watu wake, na kwamba mtu akianza leo na kuchapa tu kwa kitambaa cha kuagiza, siku bei ya kitambaa hicho ikipanda hatakuwa na pa kukimbilia. Ila ningemshauri aanze na wachoraji, afuate kuchapa, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye uzi. Urafiki ulianza na hatua zote kwa mkupuo kwa sababu mkopo uliruhusu, na ulipopungukiwa ulipungukiwa kila mahali kwa pamoja.

---

BintiDoti (Dodoma):

Nawashukuru nyote kwa dhati. Baada ya kusoma maelezo ya MezaYaKuchapia nimezigeuza kanga zote mbili na kutazama upande wa nyuma. Ile ya mama, rangi imezama hadi nyuma kiasi kwamba jina linasomeka kinyume bila shida. Ile mpya, upande wa nyuma ni mweupe wenye madoa. Nimepima pia. Ya mama ina urefu wa sentimita 152 na vipande vyote viwili vya doti viko sawa, na ile mpya vinatofautiana kwa sentimita nne, jambo ambalo linaeleza kwa nini wateja wangu wa vikundi vya arusi hulalamika kwamba sare zao hazilingani.

Nina swali moja la mwisho kwa MezaYaKuchapia. Tuko wauzaji kumi na mmoja hapa sokoni, na tukichanga tunaweza kuagiza kiasi fulani kwa pamoja, kwa mchoro wetu na jina letu lililoandikwa kwa Kiswahili sahihi. Je, kiwanda cha kuchapa hukubali oda ya kuanzia doti ngapi kwa mchoro mmoja, na gharama ya skrini hulipwa na nani?

---

MezaYaKuchapia (Morogoro):

Kiwango cha chini kila kiwanda hupanga chake, kwa hiyo kiulize kabla hujachora. Gharama ya skrini kwa kawaida hulipwa na mwenye mchoro, na inahesabiwa kwa kila rangi. Ndiyo maana nakushauri muanze na rangi mbili juu ya nyeupe. Dai kwenye mkataba kwamba skrini zikishalipiwa ni mali yenu na mchoro hautachapwa kwa mtu mwingine. Omba kanga moja ya majaribio, uifue mara tatu kwa maji ya moto, uianike, uipime kwa futi, na usisaini kabla hujaiona ikiwa kavu.

Jina liandike mwenyewe kwa mkono kwenye karatasi yenye ukubwa wa kanga, kisha siku ya kuchapa nenda ukasimame pale skrini ya jina inapofungwa.